Naomba ushauri: chakula hakitoshi nyumbani, nianzie wapi?

Hamjambo wapendwa. Naishi Nyalenda, Kisumu, na watoto watatu na mama mkwe wa miaka 72. Nilikuwa nafulia watu nguo Milimani, lakini tangu mwezi uliopita hakuna anayeniita. Gorogoro moja ya unga naigawa siku tatu. Jana nilipika omena ya shilingi 30, nikaongeza maji mpaka mchuzi ukapoteza rangi. Watoto wakala, mimi na mama tukanywa chai ya rangi.

Kinachoniuma zaidi ni kitinda mimba wangu. Kliniki walimpima mkono kwa ule utepe wa kupima lishe, ukasoma njano, yaani ameanza kupata utapiamlo. Nilijikaza nisilie mbele ya nesi.

Najua Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za msaada, huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Kitambulisho mama anacho, ila mara mbili nimeambiwa nisubiri usajili. Waliofanikiwa, mlianzia kwa mzee wa mtaa au kwa chifu moja kwa moja? Na kama kuna kanisa au msikiti unaogawa chakula huku, tafadhali nielekezeni. Kufua, kupika, kupalilia, zote nafanya. Dukani siwezi kukopa tena, deni limefika 1,800 na mwenye duka naye ana watoto.