MJADALA: Hospitali za umma Dodoma nazo zianze upasuaji wa urembo?

Zabibu Kavu
Mbukwenyi wakuu. Hospitali ya Mloganzila kule Dar walipotangaza upasuaji rekebishi mwaka 2023, mitaani likabaki neno moja tu: makalio. Sasa nauliza la kwetu. Dodoma tuna Benjamin Mkapa, wanapandikiza figo toka 2018, na tuna General ya mkoa. Je, hospitali za umma huku nazo zifungue huduma ya urembo kwa mwenye hela yake, au zibaki na wagonjwa? Naomba hoja. Matusi tuwaachie Simba na Yanga.

Kijana wa Area C
Zibaki na wagonjwa. Mwenye ngiri anapangiwa tarehe ya mbali, halafu thieta ishikwe saa nne nzima mtu anatolewa mafuta tumboni yakawekwe nyuma? Mtaalamu wa usingizi ni yule yule, oksijeni ni ile ile. Tena nilisoma mahali kwamba mmoja kati ya 3,000 anafia kwenye hiyo BBL, huko kuhamishia mafuta makalioni. Kwa kitu ambacho kigodoro cha kuvaa cha soko la Sabasaba kinakimaliza bila hata panadol.

Nesi wa Thieta
Kigodoro umenichekesha, ila hiyo moja kwa 3,000 umeileta nusu. Ni makadirio ya 2017, yalitokana na kuwauliza madaktari wenyewe, na ndiyo yaliyofanya utaratibu ubadilishwe. Zamani mafuta yalisukumwa ndani ya msuli wa kalio ili yashike mengi zaidi. Humo kuna vena nene, mishipa inayorudisha damu moyoni. Kanula, ule mrija wa kusukumia mafuta, ikiichana vena, mafuta yanaingia kwenye damu, yanapanda hadi moyoni, yanaziba mapafu, na mtu anaondoka mezani pale pale. Tangu 2018 maelekezo ni kwamba mafuta yaishie chini ya ngozi, juu ya msuli. Kanula iwe ngumu isiyopinda, unene wa milimita 4 au zaidi, ncha isielekezwe chini. Florida mwaka 2022 wakaongeza kwamba daktari mmoja asifanye zaidi ya watatu kwa siku, na ultrasaundi itumike kuonyesha ncha ilipo. Uingereza chama cha madaktari wa urembo kiliwashauri wanachama waache kabisa mwaka 2018, wakairuhusu tena 2022 kwa masharti ya ultrasaundi.

Kwa hiyo hatari inategemea ncha ya kanula imefika wapi. Ukisema tu "upasuaji wa urembo unaua" hujasema chochote.

Mzee wa Ipagala
Maelezo mazuri binti yangu, lakini mwili ni amana. Mambo haya ni ya Wazungu. Huku kwetu watu walikuwa wanaridhika na walivyoumbwa.

Mnyampaa Halisi
Shikamoo mzee wangu. Waliridhika wapi? Wagogo wametoga masikio mpaka ndewe inapitisha kopo, na meno mawili ya chini wakang'oa. Urembo wa kukata mwili ulikuwepo Dodoma kabla ya reli ya Mjerumani kufika. Tofauti ni kwamba hapakuwa na ganzi.

Mwana wa Chamwino
Wewe Mnyampaa wa Singida, masikio ya watu yamekukosea nini? Swali ni la hospitali, umerukia kabila. Na hata hujui unachosema. Ndewe ilitobolewa tundu dogo, kikawekwa kijiti, kikipwaya kinawekwa kinene zaidi, miezi na miaka. Ngozi ilipewa muda ikue yenyewe. Hakuna aliyefyonzwa mafuta na bomba, hakuna aliyejazwa silikoni. Ile ilikuwa heshima, mtu akikuona anajua umetoka wapi. Usiifananishe na watu wanaotaka picha ya Instagram.

Mnyampaa Halisi
Kaka, utani wetu umekufa lini? Mimi sijadharau. Nimesema ni urembo, na ni kubadili umbo kwa hiari. Wewe mwenyewe umetumia neno "heshima". Na huyu binti wa Instagram anatafuta nini kama si heshima kwa wenzake?

Mwana wa Chamwino
Heshima ya kununua kwa mkopo. Endelea.

Kijana wa Area C
Hahaa, mjadala umeingia sikio moja.

Tabibu wa Kongwa
Mnagombania ndewe na hakuna aliyegusa jambo lenyewe. Wanaoomba yafungwe wapo, na kuyafunga NI upasuaji wa urembo. Tena unafanyika kwenye hospitali za umma miaka yote bila mtu kuandamana.

Unachomwa ganzi, lignokeini kidogo tu, sikio halihitaji nyingi. Kisha kingo za tundu zinakatwa upya mpaka zitoe damu. Hapa ndipo wa mtaani wanapokosea, wanabandika gundi au wanashona juu kwa juu. Ngozi iliyokwisha kupona haishikani na ngozi iliyokwisha kupona, lazima uirudishe kuwa kidonda. Sikio lililovutwa sana lina nyama ya ziada, unaipunguza na kuikunja ili kitako cha sikio kirudi duara, la sivyo linabaki na pembe kama bahasha. Uzi wa nailoni mwembamba, 5-0 au 6-0, unashona mbele na nyuma, unatolewa siku ya 7 hadi 10.

Na kope je? Huku Kongwa trakoma imegeuza kope za watu zikaingia ndani zinakwaruza mboni. Tunazigeuza zitazame nje. Hiyo hakuna anayeiita urembo, lakini kukata na kushona kope ni kule kule.

Kijana wa Area C
Tabibu, unachanganya mafaili. Kope zikiachwa mtu anapofuka. Ndewe ikiachwa mtu anapungukiwa nini? Na ndewe ni nusu saa kwa ganzi, mgonjwa anarudi kwake na miguu yake. BBL inataka usingizi, damu ya akiba na kitanda cha uangalizi kikae tayari.

Binti Kondoa
Kijana, wewe tangu juu unacheka kigodoro, sasa unatupangia mwenye kupungukiwa. Chukua matiti makubwa. Mikanda ya sidiria inachimba mitaro mabegani, shingo na mgongo vinauma, chini ya titi jasho linakaa panachubuka na kuota fangasi kila msimu wa joto. Kuyapunguza ni tiba au urembo? Bima ikiliona faili inasoma "urembo" na kulirudisha. Mwanamume mwenye matiti naye akienda anaambiwa apunguze chipsi, wakati tezi ya titi haiyeyuki kwa kukimbia, inakatwa.

Kijana wa Area C
Dada Kondoa, matiti nakupa. Hiyo ni tiba. Sijawahi kusema matiti.

Binti Kondoa
Umenipa kama yako. Na tumbo lililoachana misuli baada ya uzazi wa tatu? Hapo mafuta hayahusiki, ni misuli miwili ya mbele imesogea mbali na mwenzake. Unaweza kufunga kula mwaka mzima, litabaki limetokeza. Dawa yake mazoezi maalumu, na yakishindikana ni kushonwa misuli irudi katikati na ngozi ya ziada ikatwe. Wanaume mnaita "kukata tumbo ili avae gauni".

Mzee wa Ipagala
Wanangu, punguzeni moto. Mimi niliposema amana sikumaanisha mtu aumie.

Fundi Usingizi
Nimesoma mpaka hapa, kila mtu anazungumzia kisu. Kisu ni cha mwisho kunitisha.

Kwanza dawa anazoficha mteja. Anayetaka shepu huwa ameshapita kwenye vidonge vya kunenepesha. Vingi ni deksamethasoni, au ile dawa ya mzio inayoleta usingizi na njaa, siproheptadini. Deksa ikitumika zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zilizo juu ya figo zinalala, zinaacha kutengeneza homoni ya mwili yenyewe. Mtu huyo ukimlaza, kisu kikianza, mwili unaitafuta homoni hiyo, haipo popote. Presha inashuka, unampa maji haipandi, unampa adrenalini inapanda kidogo na kurudi chini. Ukijua mapema unampa haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa na kazi inaendelea. Usipojua unahangaika. Na haandiki kwenye fomu, maana amejaza "situmii dawa yoyote". Kwake vile ni "vya kunenepa".

Pili mkorogo. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, lakini makopo mnayaona wenyewe. Ule wenye klobetasoli, steroidi kali, unakondesha ngozi. Daktari anavuta uzi, uzi unakata ngozi kama karatasi iliyolowa. Kidonda cha tumbo kinafunguka siku ya nane.

Tatu ganzi ya kufyonzea mafuta. Kabla ya kufyonza wanajaza maji ya chumvi yenye lignokeini na adrenalini, miligramu 1 ya adrenalini kwa lita. Kwa namna hiyo iliyozimuliwa kikomo cha lignokeini ni miligramu 35 kwa kilo, dhidi ya 7 ya kawaida, kwa sababu inanyonywa polepole. Lakini polepole maana yake kilele kinafika kama saa 12 baadaye, wakati mteja yuko gesti amelala. Midomo inawasha, masikio yanapiga kengele, kisha degedege. Na mafuta na maji yaliyofyonzwa yakizidi lita 5 kwa jumla, mtu halali nyumbani usiku huo.

Hayo yote ni kazi ya hospitali kubwa. Mkiikataza ya umma, mteja ataenda chumba cha juu ya duka, na akiharibika ataletwa General saa nane usiku bila faili. ICU mtailipia tu.

Mwana wa Chamwino
Fundi hapo mwisho umesema kweli, ila hiyo ni hoja ya kuwafunga wa juu ya duka. Si ya kuwaiga.

Nesi wa Thieta
Naongeza la silikoni ya maji, kwa kuwa imetajwa juu. Ile inayochomwa kwa sindano majumbani si mfuko kama wa matiti. Inasambaa, inashuka mapajani, inaganda mabonge, inaweza kwenda mapafuni. Haifyonzwi ikaisha. Unakata na nyama yenyewe. Mafuta ya mtu mwenyewe angalau mwili unayajua, ingawa nayo sehemu yake inakufa na kunyonywa miezi ya mwanzo. Anayetoka thieta akijipiga picha siku ya tatu, nusu ya anachoonyesha ni uvimbe.

Zabibu Kavu
Wakuu, swali langu lilikuwa la hospitali za umma Dodoma. Tuseme haifanyiki huku, mtu akafanyiwe Mloganzila. Anarudije? Kwa basi ni mwendo wa saa nane, kwa treni ya SGR saa tatu na nusu.

Nesi wa Thieta
Kukaa ndiyo shida. Wiki mbili za mwanzo makalio hayakaliwi, maana mafuta mapya hayana damu ya kwao bado, ukiyakandamiza yanakufa. Analala kifudifudi au ubavu. Akilazimika kukaa, mto mgumu unawekwa chini ya mapaja ili kalio lining'inie hewani. Tumbo lililokatwa nalo linatembea limeinama siku za mwanzo. Usafiri mrefu bila kunyanyuka unagandisha damu miguuni, bonge likipanda ni mapafu tena. Kwa hiyo SGR ni afadhali, anaweza kusimama na kutembea behewani kila saa, lakini si siku ya pili. Akae Dar mpaka mipira ya kutoa maji kidondani itolewe, na hiyo haitolewi kwa tarehe. Inatolewa maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku. Wengine siku 5, wengine wiki mbili.

Kijana wa Area C
Yaani alipie upasuaji, chumba Dar, na siti ya kusimama. Kigodoro!

Binti Kondoa
Kigodoro tena. Wewe una hisa Sabasaba?

Mnyampaa Halisi
Anavaa yeye ndiyo maana anajua bei.

Kijana wa Area C
Mnyampaa nenda kanywe alizeti. Na meno yenu ya kahawia ya maji ya Singida, mkienda kuyapaka weupe ni tiba au urembo?

Mnyampaa Halisi
Hayo ni madini ya floridi kwenye visima, tulikunywa tukiwa wadogo jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi. Si uchafu, hata ukisugua kwa mchanga halitoki. Kupakwa nje ni urembo, na sioni aibu kusema hivyo. Wewe ndiye unaona neno urembo kama tusi, ndiyo maana kila ukikubaliana na kitu unakibatiza "tiba".

Kijana wa Area C
Sikubatiza. Nimetofautisha.

Mwana wa Chamwino
Tabibu, nirudi kwenye sikio. Mtu ana makovu yaliyoumuka nyuma ya ndewe, yamekuwa kama zabibu. Akishonwa si yatarudi?

Tabibu wa Kongwa
Yakikatwa peke yake, mengi yanarudi, tena makubwa kuliko ya kwanza. Vitabu vinasema kati ya asilimia 45 na 100, kwa hiyo atakayekuambia "nakata na imeisha" mkimbie. Baada ya kukata anachomwa triamsinoloni, dawa ya steroidi, kwenye kovu lenyewe kila wiki 3 hadi 6, kwa miezi. Sindano hiyo inauma na inaweza kuacha doa jeupe, aambiwe mapema. Na avae hereni ya kubana usiku kucha, kibanio kiwe kinakaza bila kukata damu. Kama ana makovu ya namna hiyo kifuani au begani pia, mimi sishoni ndewe bila kumwambia kwanza kwamba anaweza kubadilisha tundu kwa uvimbe.

Mwana wa Chamwino
Na hereni mpya?

Tabibu wa Kongwa
Asubiri miezi mitatu, na asitoboe juu ya mshono. Pembeni yake. Kovu lina nguvu ndogo kuliko ngozi, hereni nzito italichana tena.

Zabibu Kavu
Sawa. Kwa hiyo ya umma au binafsi?

Tabibu wa Kongwa
Ndewe? Popote penye mwanga mzuri na uzi mwembamba.