Shahidi eko Kitwe, kesi iko Lubumbashi: komisio rogatuari inafanyaka kazi namna gani?

Dada wa Katuba

Jambo ba papa na ba mama. Mutanisamehe kama ni murefu lakini nataka mutu asome yote ndipo ajibu.

Mudogo wangu ni shofere wa kamio. Alipakia katode, zile bamba za shaba safi, huku Lubumbashi kupeleka Ndola. Usiku akalala mu parking moja ngambo ya baria ya Kasumbalesa, upande wa Zambia, karibu na Chililabombwe, asubuhi wakakuta mizigo imepunguka na plombi ya kamio, ile chuma yenye namba ya kufunga mulango, si ile ya kwanza. Tajiri akasema shofere njo alifungua. Aliporudi huku wakamukamata, sasa eko Kasapa, gereza ya huku. Siku ya kumuona ninamupelekeaka bukari na samaki mu kibakuli ya kifuniko ya bluu, na mbele hata ya kufungua kifuniko anauliza tu: "Yaya, yule Muzambia walishamusikiliza?"

Yule Muzambia alikuwa mulinzi wa parking. Usiku ule walizunguka kamio na mudogo wangu na tochi, mulinzi akasoma namba ya plombi kwa sauti, akaandika mu kitabu yake. Plombi ilikuwa nzima. Akisema neno hilo moja mbele ya hakimu, mudogo wangu anapona. Lakini ile kazi aliisha kuacha, anakaa Kitwe, na anakataa kuvuka, anasema akikanyaga tu huku watamufunga na yeye.

Parke, ofisi ya kushitaki, walituambia "tutafanya komisio rogatuari". Leo ni miezi tano. Ni kitu gani kwanza? Hatuwezi kwenda Kitwe sisi wenyewe tumufilme na telefone? Ao aende kwa notere wa kule, mutu wa kuhakikisha karatasi, aandike karatasi? Na kama tunamulipia bisi, chakula na kulala aje huku, ni kosa? Avoka, mwanasheria wetu, ni kijana, anajikaza, lakini na yeye hii ni mara yake ya kwanza.

Metre wa Kampemba

Mama, pole sana. Sitajibu kwa ufupi juu hii kitu watu wengi wanaichanganya, hata sisi ba avoka.

Komisio rogatuari ni barua, njo vile tu. Hakimu wa huku nguvu yake inaisha pale ku baria ya Kasumbalesa. Hawezi kumuita mutu wa Kitwe, hawezi kutuma polisi, hawezi hata kwenda yeye mwenyewe kumukalisha mutu chini na kumuuliza, ile ni inchi ya wenyewe. Kwa hiyo anaandikia serikali ya kule: tunaomba mutusikilizie huyu mutu, maswali ni haya. Wanamuita kwa sheria yao, anaapa, anajibu, wanaandika, karatasi inarudi na inaingia mu dosie ya kesi. Zambia wako na sheria yao ya kusaidiana na inchi zingine mu mambo ya jinai tangu 1993, na anayeamua maombi ya namna hiyo ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Lusaka. Kuna pia protokoli ya SADC, umoja wa inchi za kusini mwa Afrika, ya mwaka 2002 iliyosainiwa Luanda, na mkataba wa Palermo wa Umoja wa Mataifa juu ya vikundi vya uhalifu vinavyovuka mipaka, ambao Kongo na Zambia zote mbili ziliingia mwaka 2005. Huo wa Palermo unataka kosa kubwa, la kifungo cha miaka 4 au zaidi, na liwe la kikundi. Kuiba katode mu kamio, kubadirisha plombi usiku mumoja, ile si kazi ya mutu mumoja, avoka wako aandike hilo wazi.

Kumufilme na telefone: hakuna atakayewafunga juu ya kuongea na mutu, lakini ile video haina kiapo, na upande wa tajiri watasema mulimufundisha maneno. Karatasi ya kiapo kule Zambia wanaiita afidaviti, hiyo ni afazali. Haiwezi kukaa pahali pa ushahidi wenyewe, ila inaweza kumuonyesha magistra wa parke kwamba huyu mutu yuko kweli, anajulikana pahali anakaa, na anacho cha kusema. Barua nyingi hazitoki mu meza juu hakuna mutu alileta adresi kamili. Andika jina lake sawasawa na kadi yake ya uraia, kwartie, telefone, na luga anayosikia. Kama anasema Kibemba muandike Kibemba.

Juu ya kumulipia, mama, hapo nakuomba usiguse. Mukiwa familia ya mushitakiwa na munamupa shahidi feza, hata ya bisi, kesho munaulizwa mulinunua nini. Mwaka 2016 Korti ya Kimataifa ya La Haye ilimukuta Jean-Pierre Bemba, mwanasiasa wa kwetu Kongo, na kosa, pamoja na avoka wake mukubwa na watu wengine watatu, juu ya kuharibu mashahidi 14 wa upande wake mwenyewe. Gharama za shahidi zipitie ku mahakama, na ziandikwe.

Shofere wa Mokambo

Dada mimi ilinipata, ila kwa kinyume. Kesi ilikuwa kule Zambia, mimi shahidi niko huku Lubumbashi. Wakaniita mu ofisi moja, magistra, grefie (karani wa korti) na mashini yake ya kuandika, na mimi. Nilikuwa nimejipanga usiku muzima nitasema nini.

Magistra akatoa makaratasi mbili zimebanwa pamoja, ya juu Kifaransa ya chini Kingereza, maswali kumi na moja. Akawa anasoma moja, najibu, grefie anapiga, anasoma lingine. Swali la sita: uliona muhuri wa mizigo? Nikasema hapana, sikuona muhuri wowote, nikawaza ile muhuri ya wino ya duane (forodha) wanapiga ku karatasi. Grefie akaandika hapana. Kumbe Wazambia waliuliza juu ya PLOMBI. Ile chuma ya mulango. Neno lao la Kingereza linabeba yote mbili, muhuri na plombi, na mwenye kufasiri akachukua ile ya wino. Plombi niliiona na macho yangu, niliishika na mukono huu, na mu karatasi imeandikwa sikuona.

Na kamio ya pili iliyokuwa nyuma yetu hakuna aliyeniuliza. Mi nangoja waniulize juu yake, wao wanasoma tu ile iko mu karatasi. Mwisho magistra akasema "uko na la kuongeza?" mi nikawaza ni adabu tu ya kumaliza, nikasema asante hapana, nikasaini. Ile kitu inaniuma mupaka leo, juu wenzangu wawili kule walikuwa wanangoja neno langu na neno lenyewe lilibaki mu kinywa. Dada mwambie avoka wako swali wasiloandika halitaulizwa, na neno plombi waliangalie mara mbili.

Papa Grefie

Binti yangu, nilikaa mu grefe, ofisi ya makarani wa korti, miaka mingi kabla ya kupumuzika, na huyu shofere amesema jambo ambalo nimeliona na macho yangu mara nyingi. Mutu wa kule anayesikiliza hajui kesi yenu. Hajui kamio, hajui tajiri, hajui mudogo wako. Anayo barua tu. Kama barua inasema "shahidi aeleze anachojua juu ya wizi wa katode", atauliza hivyo hivyo, mulinzi atajibu "sikuiba mimi", na PV, karatasi ya majibu yake, itarudi na mustari mumoja. Miezi yote ile kwa mustari mumoja.

Sasa njia ya ile barua, ili ujue pa kuifuata. Kutoka parke inapanda parke jenerali, kutoka pale inaenda Kinshasa ku ministere ya Sheria, ministere ya Sheria inawapa Mambo ya Inje, wanaipitisha kwa ambasadi, njo ifike Lusaka, ndipo ishuke mupaka kwa hakimu wa Kitwe. Na majibu yanarudi kwa ngazi zile zile. Lubumbashi na Kitwe ni jirani kabisa, lakini karatasi inatembea mupaka Kinshasa kwanza. Kila ofisi inapoituma kwa nyingine kunakuwa na barua ya kupeleka, yenye namba na tarehe. Avoka wako asiulize "imefika wapi?", aombe namba na tarehe. Kama parke hawana namba ya kutoka kwao, jua haijatoka. Nakuambia kwa uchungu, mara nyingi ile "tutafanya" haijakuwa hata karatasi.

Na kama kuna haraka, mkataba wa Palermo kifungu cha 18 unaruhusu ombi lipitie Interpol pale inapowezekana. Mutu ambaye iko mu gereza anangoja shahidi mumoja, hiyo ni haraka, waiandike.

Barua ifasiriwe Kingereza na mufasiri wa kiapo, si na mwanafunzi wa jirani. Halafu mutafute shofere yeyote wa kamio asome ile tafsiri kabla ya kuituma. Nasema kweli, shofere. Atajua kama neno ni la wino ao la chuma.

Mwana wa Kilwa

Mi natoka Kilwa, kule kando ya ziwa Mweru. Oktoba 2004 watu zaidi ya 70 waliuawa kwetu. Mwaka 2007 korti ya kijeshi huku Lubumbashi iliwaachilia wote walioshitakiwa juu ya mauaji yale. Wenzetu wakapeleka kesi mupaka Canada, kushitaki kampuni ya madini iliyokuwa na ofisi kule, mwaka 2012 mahakama za kule zikasema si pahali pake. Ni mwaka 2017 tu ndipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba serikali iwalipe wahanga, dola milioni 2.5. Dada, kwetu watu walikuwa na la kusema tangu siku ya kwanza. Musiache huyu mulinzi ahame tena, ao afe, kabla maneno yake hayajaandikwa. Ulizeni pia kama wanaweza kumusikiliza kwa video.

Metre wa Kampemba

Kwa video inawezekana, ile kifungu cha 18 inaitaja kabisa, shahidi anakaa mbele ya hakimu wa inchi yake na wa huku anafuata ku ekra ya video. Faida yake kubwa ni kwamba avoka anaweza kuomba swali la papo hapo, ile iliyomukosa ndugu yetu wa Mokambo. Ombeni yote mbili mu barua moja, video kwanza, na kama haiwezekani basi maswali ya kuandika.

Na kama siku moja mulinzi akikubali kuja mwenyewe, kuna ulinzi pia: aliyeitwa kwa njia hii hawezi kukamatwa huku juu ya mambo ya kabla hajaondoka kwao, na ulinzi ule unaendelea siku 15 tangu aambiwe hahitajiki tena. Mumuelezee, labda woga utapunguka.

Lingine: kungoja shahidi si sababu ya mudogo wako kubaki ndani. Kwa sheria yetu, kisha siku 15 za kwanza za kufungwa mbele ya hukumu, kifungo kinaongezwa mwezi kwa mwezi, na kisha kuongezwa mara tatu juje (hakimu) anapaswa kuamua mu odianse ya wazi, kikao mbele ya watu. Miezi tano imepita. Avoka aombe aachiliwe kwa muda, na aseme wazi kwamba shahidi wa kumutetea anangojewa na kuchelewa si kwa kosa lake.

Dada wa Katuba

Ba papa, nimesoma na machozi. Leo avoka alienda kuomba namba ya kutoka. Haiko. Haikutoka hata siku moja.

Basi tumekaa naye mupaka saa tatu ya usiku ku meza yangu ya kuuzia mikate, tumeandika maswali upya. Yalikuwa mawili, sasa ni kumi na nane. La saba linasema: "Usiku ule, ulipozunguka kamio na shofere, ile plombi ya chuma ku mulango wa nyuma ilikuwa imefungwa ao imefunguliwa, na ulisoma namba gani?" La kumi na nane: "Kuna jambo lingine lolote uliloona usiku ule ambalo hatujakuuliza? Unaruhusiwa kulisema lote."

Papa Grefie

Vizuri sana binti yangu. Lakini kitabu mumeisahau. Ile kitabu ya parking alimoandika namba. Yeye aliacha kazi, kitabu ilibaki pale, na kitabu ya parking ikijaa wanaiwashia moto. Barua moja inaweza kuomba shahidi na karatasi pamoja: waombe ikamatwe, ao ukurasa wa usiku ule utolewe kopi yenye kuhakikishwa. Muiweke juu kabisa, mbele ya maswali.

Dada wa Katuba

Kitabu! Hatukuiwaza hata kidogo. Ninamupigia Metre sasa hivi, hata kama amelala.