Re: Namna ya kuwasaidia watu wazima wasipoteze Kiingereza chao

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Kikundi chetu cha watu wazima kilimaliza kozi ya Kiingereza miezi minne iliyopita, nami ndiye niliyeachiwa jukumu la kuwasaidia wasisahau. Wengi wao wanafanya kazi zisizohitaji maneno mengi, nyumbani wanazungumza lugha yetu, na kukutana kila wiki kumeshindikana kwa sababu ya zamu. Kila asubuhi ninawatumia kwa simu orodha ya maneno ishirini, lakini nikiwauliza jioni hawakumbuki hata matano. Naomba ushauri wa mwenye uzoefu.

---

> hawakumbuki hata matano

Dada yangu, salaam, na pole kwa jukumu.

Maneno ishirini kwa asubuhi moja yangenishinda hata mimi, kwa hiyo usiwalaumu. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba mengi ya aliyojifunza yalimponyoka katika saa za mwanzo, na kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku 3 yalimfaa sawa na marudio 68 ya mkupuo. Wewe unawaletea maneno mapya kila siku, lakini ya jana hayarudi tena.

Mimi huwatumia wangu sentensi mbili tu, tena kwa lugha yetu, ambazo huenda wakazihitaji wiki hiyohiyo. Wao hunijibu kwa sauti, kwa Kiingereza, bila kutazama karatasi. Sentensi ileile huirudisha kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kazi nzima haizidi dakika kumi. Mama mmoja nilimpa hii: "Kesho sitaweza kuja kazini kwa sababu binti yangu anaumwa, naomba kubadilishana zamu." Siku ya kwanza aliitoa vipande vipande. Siku ya pili aliimaliza, ila binti akageuka mvulana, kwani "yeye" yetu haibagui na ulimi ulikuwa umeshazoea "he". Aliporudishiwa mara ya tatu aliisema bila kusita, akaongeza mwenyewe kwamba amempeleka hospitali, jambo ambalo sikuwa nimemwomba.

Kuhusu makosa, chagua moja kwa wiki na uyaache mengine yapite, hata kama yanakukera. Wiki nzima tuliwahi kushughulikia mwisho wa vitenzi vya wakati uliopita: "worked" huishia kwa sauti ya t, "called" kwa sauti ya d, na ni vitenzi vinavyoishia kwa t au d tu, kama "wanted", vinavyoongezewa silabi. Sisi tuliozoea silabi kuishia kwa irabu huongeza silabi hiyo kila mahali, na msikilizaji hubaki akijiuliza neno gani limesemwa. Masahihisho mtumie mhusika peke yake. Mtu mzima aliyekosolewa mbele ya rika lake hunyamaza, na kumrudisha huchukua muda mrefu kuliko kumfundisha kanuni yenyewe.

Programu za simu sizikatai, ila nyingi humwonyesha mtu majibu manne ili aguse moja. Anayepokea simu kutoka ofisini hatawekewa majibu manne mbele yake.

Akikosa siku mbili, usimlimbikizie. Aanze na ya leo.

---

Kaka, nashukuru sana. Orodha ya maneno nimeisitisha tangu jana. Nina swali moja: wawili kati yao hawawezi kusoma vizuri hata lugha yetu, je, sentensi niwatumie kwa sauti?

---

Ndiyo, dada, watumie kwa sauti, kwa lugha yetu tu. Ukiwatumia na Kiingereza chake watakuiga palepale, nawe utadhani wamekumbuka. Kiingereza chako wapelekee baada ya wao kujaribu, ili walinganishe.

---

Nimeelewa. Jumatatu nitaanza na sentensi ya kumweleza mwenye nyumba kwamba bomba la jikoni linavuja, kwa kuwa watatu wao wameniomba mwezi huu niwapigie simu hiyo mimi.