Kikundi cha maigizo chenye cheti cha BASATA tu: ruzuku ya asasi za kiraia tunaiombaje?

JukwaaMbagala
Wakuu, habari za leo. Kikundi cha maigizo, watu 14, kipo Mbagala. Kina cheti cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na akaunti ya benki, usajili mwingine hakuna. Kuna mwito wa ruzuku kwa "asasi za kiraia zinazotumia sanaa", kiwango cha juu shilingi milioni 60, mradi wa miezi 10. Wazo ni igizo la dakika 50 kuhusu mikopo ya kausha damu (ile ya mitaani yenye riba kubwa), lizunguke masoko manane ya Temeke. Cheti cha BASATA kinatosha? Malipo ya waigizaji yanaandikwaje kwenye bajeti? Na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa si ndiyo njia ya mkato?

KaratasiKwanza
Nianze na la mwisho maana ni fupi: dirisha la Mfuko linalopitia benki ni la mikopo. Ile asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nayo ni mkopo, ingawa haina riba. Igizo la bure sokoni haliingizi kitu, sasa rejesho litatoka wapi? Mtaigiza kausha damu huku mnadaiwa.

Cheti cha BASATA kinawatambua kama wasanii, hakiwafanyi asasi ya kiraia. Wanaochuja maombi ya mwito wa namna hiyo hutafuta cheti cha NGO chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, na wasipokikuta andiko linawekwa kando kabla halijasomwa. Maombi ya usajili hupelekwa kwa Msajili wa NGO kwa mtandao: katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye saini, wasifu na picha za viongozi, barua ya utambulisho ya afisa maendeleo ya jamii. Angalieni ngazi mnayoomba. Mkijisajili ngazi ya wilaya Temeke, kesho mkipata maonyesho Ilala mmeshatoka nje ya cheti. Tangu marekebisho ya 2019 cheti kinadumu miaka 10, ila ada na ripoti ni za kila mwaka.

Kama mwito unafungwa wiki chache zijazo, msikimbizane na usajili. Tafuteni NGO yenye hesabu zilizokaguliwa iwe mwombaji mkuu, ninyi muwe wabia, na mkataba usainiwe kabla ya kutuma maombi: fedha inakaa kwa nani, wao wanachukua asilimia ngapi ya uendeshaji, awamu yenu inatumwa ndani ya siku ngapi, na igizo ni mali ya nani. Hilo la mwisho watu hulisahau, halafu mradi ukiisha ndilo linalowagombanisha.

Jina liwe moja, herufi kwa herufi, kwenye cheti, TIN (namba ya mlipakodi) na akaunti. "Kikundi cha Sanaa" huku na "Arts Group" kule kunatosha benki kuzuia fedha.

Na kwa kuwa milioni 60 inavuka milioni 20, kanuni za 2018 zinamtaka mwenye NGO apeleke mkataba wa ufadhili kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu usainiwe, na fedha itangazwe kwa umma ndani ya siku 14 tangu ipokelewe. Tengeni hela ya tangazo la gazeti kwenye bajeti.

Mhasibu_Ilala
Bajeti. Msiandike "posho za wasanii, milioni 10". Anayepima maombi anataka watu mara siku mara kiwango. Mfano: waigizaji 12 × siku 24 za mazoezi × 20,000 = 5,760,000. Waigizaji 12 × maonyesho 8 × 50,000 = 4,800,000. Jumla 10,560,000.

Sasa kodi. Malipo ya huduma kwa mkazi hukatwa asilimia 5 ya zuio (kodi anayoikata mlipaji kabla ya kulipa) na kupelekwa TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwa jumla ile ni 528,000. Mkiwaahidi waigizaji 50,000 mkononi wakati bajeti inasema 50,000 kabla ya kodi, kila onyesho mtakuwa na manung'uniko. Anayetaka 50,000 kamili mkononi huandikiwa 52,632. Na msidhani NGO haidaiwi kodi kwa kuwa ni NGO. Hadhi ya taasisi ya hisani huombwa kwa Kamishna wa TRA, haiji yenyewe.

Risiti ndiko wengi wanakwama. Chakula cha mazoezi cha mama lishe hakina risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Mwulizeni mfadhili mapema kama anakubali fomu ya malipo yenye jina, namba ya simu na saini. Akikataa, tafuteni mpishi mwenye mashine. Nauli hivyo hivyo, daladala haitoi karatasi. Gari la jukwaa na vipaza sauti kodini kwa mtu anayetoa risiti.

Mazoezi mnaweza kuyapunguza hadi siku 15, mpate nafasi ya mkaguzi wa hesabu.

NyumaYaPazia
Mhasibu, hapo kwenye mazoezi nakataa. Igizo la sokoni halina ukuta wala taa za kumshika mtazamaji. Sauti isipofundishwa inamezwa na jenereta na wapiga debe. Afadhali masoko sita kuliko siku 15. Kata maonyesho mawili, umeokoa 1,200,000 ya waigizaji peke yake, bado gari na vipaza sauti.

Vibali: maigizo ya jukwaani yanaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kwa hiyo mswada wa igizo ukamilike mapema, usiwe unaandikwa mazoezini. Barua kwa afisa utamaduni wa manispaa, serikali ya mtaa, uongozi wa soko na polisi. Onyesho liwe saa tisa alasiri au baadaye. Asubuhi wafanyabiashara watawafukuza, na wana haki.

Mtahesabuje watazamaji? "Watu 500" bila njia ya kuhesabu hakuna anayeamini. Gawa uwanja robo nne, hesabu robo moja dakika ya 25, zidisha, piga picha kutoka juu. Wanaobaki kwenye mjadala baada ya onyesho waandikwe mmoja mmoja.

JukwaaMbagala
Ahsanteni sana. Mwito unasema mwisho saa 12:00 kwa saa za Brussels. Ni saa sita mchana yetu?

KaratasiKwanza
Hapana. Kipindi chao cha baridi ni saa nane mchana Dar, kipindi cha joto ni saa saba. Tumeni siku mbili kabla, mfumo huzidiwa siku ya mwisho.