Spika za masikioni kwa msafiri wa meli ya usiku: nianzie wapi?

Msafiri wa Kemondo

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, kwa maana ndani ya mwaka mmoja nimenunua spika za masikioni mara tatu na bado sijapata ninachokitafuta.

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, nayo hunipeleka Bukoba mara mbili au tatu kwa mwezi. Mara nyingi napanda MV New Victoria, ambayo huondoka Mwanza usiku na kupitia Kemondo kabla ya kutufikisha Bukoba asubuhi. Nikiwa na haraka napanda basi na kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, ambalo tangu lilipofunguliwa Juni 2025 limetuondolea ile foleni ya kivuko. Katika safari zote hizo kitulizo changu ni muziki wa dansi wa zamani, na ninachokipenda zaidi ni gita la besi, jinsi linavyotembea taratibu chini ya solo na ridhimu bila kushindana na mtu yeyote.

Nikiwa nyumbani Nyakato, chumba kikiwa kimya, besi hiyo naisikia vizuri. Nikishaingia melini na mashine ikaanza kunguruma chini ya sakafu, besi inatoweka. Kinachobaki ni matarumbeta na waimbaji, sauti nyembamba zenye kuchoma, nami najikuta naongeza sauti mpaka karibu na kikomo. Asubuhi nikishuka gatini masikio yanalia kama kuna nyenje ndani, na safari iliyopita mlio huo ulidumu mpaka saa saba mchana. Jambo hili limeanza kunitia hofu.

Nimetenga shilingi 100,000, na naweza kuongeza kidogo endapo kuna sababu ya msingi. Simu yangu haina tundu la jeki, ina tundu la USB-C peke yake. Je, ninunue za waya au za Bluetooth? Na ile teknolojia ya kuzuia kelele inasaidia kweli, au ni maandishi ya kwenye boksi tu?

Fundi Makoroboi

Ndugu Msafiri, umejieleza vizuri kiasi kwamba tatizo linajulikana kabla ya kuishika simu yako. Nimekaa Makoroboi mwaka wa kumi na moja sasa nikitengeneza simu na kuuza vifaa vyake, na kati ya wateja wanaonirudishia spika wakidai kwamba hazina besi, wengi spika zao ni nzima. Tatizo lao ni kile kimpira cha mbele, ambacho hakizibi tundu la sikio.

Spika hizi ni ndogo mno, na kazi yake ni kusukuma kile kiasi kidogo cha hewa kilichofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Hewa hiyo ikifungiwa sawasawa, hata spika yenye upana wa milimita 6 hutoa besi nzito ya kuridhisha. Ukibaki upenyo mdogo tu, mawimbi mazito ya besi huvujia nje ilhali sauti nyembamba huendelea kufika, na hapo ndipo unaposikia matarumbeta bila gita. Kisha kupitia upenyo uleule ngurumo ya mashine nayo huingia, na kwa kuwa ngurumo hiyo iko chini kabisa, mahali palepale linapokaa gita la besi, inalifunika hata hicho kidogo kilichosalia. Chumbani kwako hakuna ngurumo, ndiyo maana hukuutambua upenyo huo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, fanya jaribio hili leo usiku. Vaa spika ulizo nazo bila kuwasha muziki, kisha imba kwa kufumba mdomo, sauti ya chini. Masikio yakiwa yamezibwa vizuri, sauti yako mwenyewe itavuma kichwani kama unaimba ndani ya pipa, na itavuma sawa pande zote mbili. Upande usiovuma ndio unaovuja. Ukikuta unavuja, badilisha kimpira: ndani ya boksi kwa kawaida huja saizi tatu, na watu karibu wote huvaa ile iliyokuja imepachikwa wakaziacha nyingine kwenye kimfuko. Usishangae ukihitaji kubwa kushoto na ya kati kulia, kwa maana matundu ya masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane.

Namna ya kuvaa nayo ina umuhimu. Pitisha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, vuta sikio la kulia juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, kisha ingiza spika kwa mkono wa kulia. Ukipata vimpira vya sponji, ambavyo ni bora zaidi kwa ngurumo ya meli, vibane kwanza kwa vidole mpaka viwe vyembamba, viingize, na uvishikilie kama nusu dakika mpaka vitakapojaza tundu. Kasoro yake ni kwamba havidumu: baada ya miezi michache huchakaa na kuacha kurudi katika umbo lake.

Sasa kuhusu kununua. Ziko spika zilizobuniwa juu ya msingi huu wa kuziba peke yake. Etymotic ER4 iliingia sokoni 1991 ikiwa na vimpira vya tabaka tatu vinavyoingia ndani sana. Shure SE215, kwa maelezo ya mtengenezaji, hupunguza kelele ya nje hadi desibeli 37 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Zote mbili zimepita bajeti yako, lakini nazitaja ili uone kwamba kazi hiyo hufanyika bila betri yoyote. Kwa fedha ulizotenga, kampuni za Uchina kama KZ na 7Hz zina aina zenye sauti safi ambazo waya wake huchomolewa kwenye spika. Hilo la waya kuchomoka usilipuuze. Karibu spika zote ninazoletewa zimekatika waya kwenye shingo ya jeki au pale unapogawanyika kwenda kushoto na kulia, na kama waya haubadilishiki, spika nzima inatupwa. Tafuta pia waya unaopita juu ya sikio, kwa sababu tundu likizibwa, kila waya unapogusa shati unasikika kichwani kama mtu anakwaruza ukuta.

Kwa kuwa simu yako ina USB-C peke yake, utahitaji kigeuzi cha kuunganisha jeki ya spika na tundu hilo. Hapo uwe makini: kuna simu zinazotoa sauti moja kwa moja kupitia tundu hilo, na kuna zisizotoa, ambazo zinataka kigeuzi chenye chipu yake ya kubadilisha sauti kutoka mfumo wa kidijitali. Nenda dukani na simu yako mkononi, chomeka, sikiliza, ndipo ulipe.

Abiria wa Singida Usiku

Nakubaliana na Fundi kuhusu kimpira, ila kuhusu betri nina maoni tofauti. Mimi nasafiri Mwanza hadi Dar es Salaam kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma, na nimetumia za Bluetooth zenye kuzuia kelele kwa karibu miaka miwili.

Teknolojia hiyo ni ya kweli. Kuna vipaza sauti vidogo vinavyosikiliza kelele ya nje, kisha spika hutoa wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi mawili yanapokutana yanapunguzana. Amar Bose alianza kuikokotoa 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, baada ya mngurumo wa injini kumharibia muziki, yaani alikuwa na shida kama yako, Msafiri. Inafaa sana kwa ngurumo inayoendelea bila kubadilika, kama ya injini ya basi au mashine ya meli. Haifai sana kwa sauti za watu, honi, na sauti ya filamu wanazotuwekea ndani ya basi. Kwa hizo, kinachokulinda ni kimpira kilekile alichokisema Fundi.

Tahadhari yangu ni kwa zile za bei ya chini sana zinazouzwa barabarani zikiwa na maandishi ya kuzuia kelele. Nilinunua moja stendi, na kilichokuwamo ni maandishi tu. Siku hizi napima mbele ya muuzaji: nasimama karibu na feni au jenereta, navaa bila muziki, nawasha kizuizi na kukizima mara kadhaa. Uvumi wa feni usiposhuka waziwazi, naondoka. Kuhusu chaji, zangu hukaa kama saa tano kizuizi kikiwa kimewashwa, kisha nazirudisha kwenye kiboksi chake zipate nguvu. Safari yangu ya mchana kutwa hunilazimu kufanya hivyo mara mbili, na mara nyingi huishiwa tukiwa bado hatujafika Morogoro.

Mama wa Igoma

Kaka Msafiri, wenzangu wamekujibu kuhusu besi. Mimi ni muuguzi, nami naomba nirudi kwenye mlio wako, ambao umeutaja kama jambo la pembeni ilhali kwangu ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo laini zinazopokea mtikisiko wa sauti. Zikichoshwa na sauti kubwa hulalamika kwa mlio wa namna hiyo. Zikipumzishwa huweza kupata nafuu, lakini zikiumizwa mara kwa mara hufa, na kwa binadamu hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asikilize kwa kiwango kisichozidi desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki. Sauti ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu, na wewe usiku mmoja wa melini unapita saa hizo kabla ya kufika Kemondo. Kwa hiyo kuziba vizuri si suala la anasa ya besi. Tuseme kelele iliyokuzunguka ni desibeli 80 na vimpira vinapunguza 25: kinachokufikia ni 55, nawe unaweza kusikiliza kwa 65 au 70 ukapata kila kitu. Usipoziba, itakubidi upite 80 ili tu usikie.

Mlio ukiendelea zaidi ya siku moja au ukija bila muziki, nenda Bugando, wana idara ya masikio, pua na koo. Vilevile osha vimpira kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ukiwa umevichomoa kwanza kwenye spika, na uviache vikauke. Vile vya sponji vifute tu kwa kitambaa chenye unyevu. Nta ya sikio ikiziba kile kiwavu kidogo cha mbele, upande mmoja hufifia na mtu hudhani umekufa.

Jambo la mwisho naliandika kwa uzito. Mtu aliyeziba masikio yote mawili hasikii tangazo. Sisi tunaoishi kando ya ziwa hili hatuhitaji kukumbushwa Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. Wakati wa kupanda, wakati meli inapotia nanga Kemondo, na wakati ziwa limechafuka, toa spika zote mbili. Na unapolala, usilale umeziba yote.

Msafiri wa Kemondo

Nawashukuru sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nisafiri kwanza.

Jaribio la kuimba nililifanya usiku uleule. Sikio la kulia lilivuma, la kushoto halikuvuma hata kidogo, kumbe mwaka mzima nimekuwa nikisikiliza huku upande mmoja ukiwa wazi. Nikavitafuta vimpira vya akiba nikavikuta droo ya jikoni, nikaweka kikubwa kushoto, na kulia nikaacha cha kati. Sikununua chochote wiki hiyo. Nilipanda meli nikiwa na spika zilezile za zamani pamoja na kigeuzi chake, na nikakaa sitaha ya chini karibu na mashine kwa makusudi, ili nipime mahali pabaya zaidi.

Simu yangu ina ngazi 15 za sauti. Safari zilizopita nilikuwa nafika 14. Safari hii nilikaa kwenye 9, na gita la besi nililisikia tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, si kwa ukamilifu wa chumbani, lakini nililifuata kila lilipokwenda. Tulipokaribia Kemondo nilizitoa kama Mama alivyoelekeza, na nikabaki bila kitu masikioni mpaka tulipoondoka tena. Nilishuka Bukoba bila mlio.

Sasa Fundi, waya wa spika hizi umeanza kukatika shingoni, kwa hiyo kununua ni lazima. Nimeamua kuchukua za waya wa kuchomoka, na fedha itakayobaki niiweke kwenye vimpira vya sponji. Je, vya sponji vinaingia kwenye spika yoyote?

Fundi Makoroboi

Haviingii kwenye yoyote, kwa sababu unene wa shingo ya spika hutofautiana. Njoo na spika yenyewe tujaribishe vimpira kwa mkono. Kimpira kikikaa kwa kulazimishwa kitapasuka, na kikilegea kitabaki ndani ya sikio utakapoitoa spika, jambo ambalo nimeliona mara mbili na ambalo hupaswi kulitatua kwa kibano ukiwa nyumbani.

Mama wa Igoma

Likitokea hilo, tafadhali aende hospitali. Asiguse.