Wasimamizi wa saiti, acheni kutuambia "breka ipo"

Wakuu, huu upuuzi umezidi. Ukiuliza kinga ya umeme kwenye grainda na vibreta za zege iko wapi, unaonyeshwa breka. Breka ya ampia 16 imewekwa kulinda waya usiungue, siyo mtu! Miliampia 10 hivi zinatosha kukaza misuli ya mkono kibarua ashindwe kuachia chombo. Zikifika 50 kupitia kifuani kwa sekunde chache, moyo unaweza kuvurugika. Breka haina habari, maana hiyo ni sehemu ndogo sana ya ampia 16. Mtu anakufa na grainda bado inazunguka.

Kinachotakiwa ni RCD, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Inapima umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua njiani, inakata. Ifungwe mwanzo wa eksitensheni, pale kwenye soketi, ili waya wote uwe chini yake. Kila asubuhi bonyeza kitufe cha T, isipokata hakuna kazi. Halafu kuna wanaoiruka eti "inakatakata sana". Inakatakata kwa sababu umeme unavuja, tafuteni unavujia wapi!

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kukata ethi (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini), au kuchomeka nyaya tupu mbili kwenye soketi na kuzibana kwa njiti ya kibiriti. Mashine ya kukorogea zege ina bodi ya chuma. Waya wa moto ukiigusa na ethi haipo, bodi nzima inabeba volti 230 ikimsubiri mtu aliyesimama kwenye majimaji. Hata RCD hapo itakata akishaguswa, siyo kabla. Drili yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji ethi, sawa, lakini ganda likipasuka au maji yakiingia usiitegemee tena.

Eksitensheni ya kuviringa ikunjuliwe yote. Grainda ya wati 2,000 inavuta karibu ampia 9, na waya ukiwa umeviringwa joto halina pa kutokea, plastiki inayeyuka.

Waya ukichubuka pale unapoingia kwenye mpini, msizungushe tepu. Fundi akate kipande hicho, aunge upya ndani na kukaza kibanio. Fundi akichelewa, ng'oeni plagi kabisa, maana chombo kibovu chenye plagi kuna mtu atakichomeka tu.