Zeze letu linapigwa Nairobi, mirabaha inaishia wapi?

Mpiga zeze, Chamwino: Heshima kwenu wakuu. Binamu yangu dereva wa lori kanitumia video: wimbo wetu wa zeze na ilimba unapigwa hotelini Nairobi, sauti ya mama ikiitikia kabisa. Tulirekodi tukiwa saba. Hatujaona hata shilingi. Nidai wapi?

Jibu: Pole ndugu. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo utunzi wako unalindwa Kenya bila kusajiliwa upya. Ila kulindwa ni jambo moja, hela kukufikia ni jingine. Chama cha kule cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye kazi, hukusanya kwa wenye hoteli, kisha hutuma huku iwapo kuna mkataba wa kuwakilishana na chama cha huku. Jina lako lisipokuwepo, fungu halina mwenyewe. Umesajili COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki?

Mpiga zeze: Aliyesajili ni mwenye studio. Kwa jina lake!

Jibu jingine: Hapo ndipo mlipoumia. Andikeni mgawanyo wa asilimia, msaini wote saba. Na mama usimwache, mkuu, aliyeitikia naye ana haki ya mwimbaji.

Mpiga zeze: Karatasi ya studio ninayo, ina alama ya kidole gumba cha mama. Jumatatu naipeleka.